Mng'ao wa Gari Chini ya Kilimanjaro

Kila yakaribiapo majira ya Krismasi, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari. Ni desturi ya miaka mingi kwa Wachaga waishio mijini kurejea kwao mwisho wa mwaka. Magari hupita Chalinze, Korogwe, Same na Mwanga, yakafika Himo. Hapo mengine hushika njia ya kupanda Marangu na Rombo, na mengine huendelea hadi Moshi mjini, kisha yakapanda Uru, Kibosho au Machame. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilometa 500. Siku chache baadaye magari yayo hayo husimama safu kwa safu katika viwanja vya makanisa na kando ya vihamba, yameoshwa na kupigwa polishi, yakimeta chini ya migomba.

Hilo ni onyesho la magari lisilo na vikombe wala kiingilio. Nairobi yako mashindano rasmi ya aina hiyo, yaitwayo Concours d'Elegance, yaandaliwayo na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, ambako waamuzi hukagua rangi, injini na hata sehemu za chini ya gari. Kihambani waamuzi ni shangazi, jirani na watoto wa kijijini, nao huona mengi.

Kati ya kufika na kuonekana hupita siku moja au mbili tu. Katika muda huo mfupi gari lenye vumbi la mikoa mitatu hupewa kijana mwenye ndoo, sabuni ya unga na kitambaa. Jioni linang'aa. Lakini likitazamwa jua la asubuhi linapolipiga kwa upande, boneti yote huonekana imejaa nyuzi nyembamba za mikwaruzo, mfano wa utando wa buibui. Mikwaruzo hiyo haikuletwa na safari. Imeletwa na usafi wenyewe.

Jambo hili lina sababu zake katika fizikia na kemia, na sababu hizo zinaweza kufundishwa darasani kwa vifaa vya nyumbani. Msingi wake ni mmoja: mng'ao ni ulaini wa uso ambao gari lilitoka nao kiwandani, na kazi ya mwenye gari ni kuuhifadhi. Kila aukwaruzapo na kuusugua upya, hulipia kwa unene wa rangi, na unene huo una kikomo.

KARATASI MOJA YA DAFTARI

Rangi ya gari la kisasa ni matabaka manne yaliyolala juu ya bati la chuma, ambalo mara nyingi limekwisha kupakwa zinki ili kuzuia kutu. Tabaka la kwanza hupakwa kwa kulizamisha bodi zima katika birika la rangi ya majimaji na kupitisha umeme, ili rangi ishike hata katika pembe zisizofikiwa na mkono. Unene wake ni mikromita 20 hivi. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Juu yake hupulizwa tabaka la kusawazisha, lenye mikromita 30 hadi 40. Hufuata tabaka la rangi yenyewe, nalo ni jembamba kuliko watu wengi wanavyodhani, kiasi cha mikromita 15 tu. Mwisho hupulizwa tabaka angavu lisilo na rangi, mfano wa vanishi ya mbao, lenye mikromita 40 hadi 50.

Jumla yake ni mikromita 100 na kitu, yaani unene wa karatasi moja ya daftari la shule. Karatasi hiyo moja ndiyo itenganishayo chuma na mvua za masika.

Zamani haikuwa hivyo. Kati ya mwaka 1914 na 1925 gari la Ford la Model T liliuzwa kwa rangi nyeusi peke yake. Katika miaka ya 1920 ikaja rangi ya Duco ya kampuni ya DuPont, iliyotengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo ilikauka kwa saa chache badala ya siku nyingi, nayo ikafungua mlango wa rangi za kila namna. Kwa miongo kadhaa baadaye rangi na mng'ao vilikuwa katika tabaka moja nene. Mtindo wa kuweka tabaka angavu juu ya rangi ulienea katika miaka ya 1980.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa afanyaye kazi leo. Gari la zamani likisuguliwa, kitambaa hushika rangi ya gari. Likiwa jekundu, kitambaa huwa chekundu. Gari lenye tabaka angavu halitoi rangi, hivyo msuguaji hana dalili ya kumwonya kwamba anapunguza kitu. Aidha, magari mengi ya Tanzania huingia yakiwa yamekwisha kutumika Japani kwa miaka kadhaa. Tabaka lake angavu limekwisha kupigwa jua, na pengine kusuguliwa, kabla halijapandishwa melini.

KWA NINI USO HUNG'AA

Nuru iangukapo juu ya uso laini kabisa, miali yote huakisiwa kwa pembe ileile iliyojia. Jicho huona taswira kamili ya mawingu, ya migomba, au ya mtu aliyesimama. Uso ukiwa na mashimo na matuta, kila mwali huelekea kwake, na taswira hufifia ikawa weupe mtupu. Kinachoamua ni ukubwa wa matuta hayo yakilinganishwa na urefu wa wimbi la nuru, ambao ni kati ya mikromita 0.4 na 0.7. Matuta madogo sana kuliko hapo hayasumbui. Yaliyo makubwa zaidi huonekana.

Ni sehemu ndogo tu ya nuru, kama asilimia 4, iakisiwayo na tabaka angavu nuru inapolipiga wima. Iliyobaki huingia ndani hadi kwenye rangi. Gari jeupe hurudisha sehemu kubwa ya nuru hiyo, nayo huimeza ile kidogo itawanywayo na mikwaruzo, kama mwanga wa mchana ufichavyo nyota. Gari jeusi huinyonya karibu yote, hivyo kila mkwaruzo hubaki peke yake ukimeta gizani. Magari hayo mawili yaweza kuwa na mikwaruzo sawa, lakini la pili ndilo litakaloaibika uwanjani.

Jaribio la kwanza. Mwanafunzi achukue mfuniko wa sufuria ya chuma kisichoshika kutu, uliotumika kwa miaka mingi, na autazame chini ya balbu moja au tochi. Kuizunguka taswira ya balbu ataona nyuzi za mikwaruzo zimejipanga kwa duara. Kisha asogeze kichwa polepole. Duara litahama pamoja na taswira ya balbu. Kama mikwaruzo ingekuwa ya duara kweli, ingebaki mahali pake. Ukweli ni kwamba mikwaruzo imekwenda kila upande, lakini mmoja mmoja humeta pale tu unapokuwa umekingama na njia ya nuru itokayo kwenye balbu kwenda jichoni. Ile iliyokingama hivyo ndiyo ifanyayo duara. Kutokana na jaribio hili mwanafunzi ataelewa pia kwa nini mafundi hodari hufuta kwa mistari iliyonyooka: mkwaruzo ulionyooka huonekana kutoka upande mmoja tu, lakini uliozunguka huwa na kipande kimetacho popote mtazamaji asimamapo.

VUMBI LA NJIANI

Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, chenye ngazi 10, kuanzia ulanga ulio laini hadi almasi. Kioo cha dirisha kiko kwenye 5.5 hivi. Feldispa ni 6 na kwatzi ni 7. Tabaka angavu la gari ni plastiki, nalo ni laini kuliko vyote hivyo.

Njia ya kwenda Moshi hupita kandokando ya milima ya Usambara na Upare. Miamba yake ni ya kale sana, iliyogeuzwa kwa joto na shinikizo kubwa ndani ya ardhi, na ndani yake mna kwatzi, feldispa na garneti. Garneti ni madini yatumiwayo viwandani kutengenezea msasa. Baada ya Himo ardhi hubadilika. Kilimanjaro ni volkano. Miamba yake haina kwatzi nyingi, lakini ina feldispa kwa wingi na madini mengine yenye ugumu wa 5 hadi 7. Miamba hiyo ikioza huacha udongo mwekundu, uliopakwa wekundu huo na oksidi za chuma, na ndani ya udongo huo laini hubaki punje ambazo hazijaoza bado.

Basi gari lifikapo nyumbani limebeba msasa wa aina mbili, wa Upare na wa mlimani. Vumbi lililotulia juu ya rangi halidhuru. Huanza kudhuru pale mkono ulishikapo kwa kitambaa na kulivuta. Kwa hiyo tendo baya kuliko yote ni lile lifanywalo kwa nia njema kabisa asubuhi ya sikukuu: kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu.

JUA LA MLIMANI

Moshi iko kiasi cha nyuzi 3 na theluthi kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Hata mwishoni mwa Desemba hupanda hadi nyuzi 70 hivi kutoka upeo wa macho. Aidha, mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana na ichomayo ngozi, huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa ya kuichuja hupungua. Lango la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Siku isiyo na mawingu, gari lililoegeshwa huko hupata urujuanimno mwingi kuliko lililoegeshwa Dar es Salaam.

Mionzi hiyo ina nguvu ya kutosha kukata viungo vya molekuli ndefu zifanyazo tabaka angavu. Viungo vikikatika, oksijeni huingia, na uso hukauka, ukafifia, hatimaye ukabambuka kama ngozi iliyoungua. Paa na boneti hutangulia, kwa sababu hulitazama jua moja kwa moja. Taa za mbele, ambazo ni za plastiki, hugeuka manjano kwa sababu hiyohiyo.

Watengenezaji huchanganya ndani ya tabaka angavu kemikali zinyonyazo urujuanimno. Kinga hiyo hutegemea unene, na hapa somo la hesabu lina faida. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kila mikromita 10 hupitisha nusu ya mionzi. Tabaka la mikromita 40 litapitisha nusu ya nusu ya nusu ya nusu, yaani sehemu moja ya 16. Likisuguliwa likabaki mikromita 20, litapitisha robo. Unene umepungua kwa nusu, lakini mionzi ifikayo kwenye rangi imeongezeka mara nne.

KINYESI CHA NDEGE, UTOMVU NA MATONE YA MAJI

Kivuli cha mti hulikinga gari na jua, lakini huwa na gharama zake. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki na punje za mchanga au mbegu. Rangi ipatapo joto hulainika na kutanuka. Kinyesi hukauka juu yake kikawa kigumu. Usiku rangi husinyaa na kujibana kuufuata umbo lake. Alama ibakiayo ni bonde dogo katika rangi yenyewe, na hakuna sabuni iwezayo kulijaza. Dawa ni kuwahi: kitambaa kilicholowa maji kiwekwe juu ya kinyesi kwa dakika kadhaa hadi kilainike, kisha kiinuliwe bila kusugua.

Mizigo ya kihambani nayo ina madhara yake. Kila mkulima ajua kwamba utomvu wa mgomba ukiingia nguoni hautoki. Una kemikali za jamii ya tanini, ambazo zikikutana na oksijeni ya hewa hugeuka kahawia. Mkungu wa ndizi ukiegemezwa kwenye buti au mlango, pahala pale paoshwe siku ileile.

Maji safi kwa macho huwa si matupu. Maji ya chemchemi na visima yamepita katika miamba ya volkano, yakayeyusha chumvichumvi na silika. Tone likikauka juani, maji huondoka na madini hubaki, yakaacha pete nyeupe.

Jaribio la pili. Wanafunzi waweke matone matano ya maji ya mvua na matano ya maji ya kisima au ya bomba juu ya kipande cha kioo safi, na wakiache juani. Pete zitakazobaki zitazamwe kwa lenzi. Halafu tone la siki lidondoshwe juu ya mojawapo. Ikiwa pete imefanywa na kaboneti ya kalsiamu, itayeyuka ikitoa mapovu. Iliyofanywa na silika haitashtuka. Hapo itadhihirika kwa nini gari hufutwa maji badala ya kuachwa likauke lenyewe.

KUOSHA KWA NDOO MBILI

Shabaha ya kuosha ni kuondoa punje bila kuziburuta. Kazi ifanyike asubuhi na mapema au jioni, boneti ikiwa baridi. Rimu na matairi hutangulia, kwa kitambaa chake peke yake, maana hapo pana vumbi la chuma litokalo kwenye breki. Kisha gari hunyunyiziwa maji mengi kutoka juu kwenda chini, likaachwa kidogo udongo ulainike, likanyunyiziwa tena. Penye uhaba wa bomba, keni ya kumwagilia bustani yatosha. Sehemu kubwa ya mchanga iondoke hivyo, kabla mkono haujaigusa rangi.

Hapo ndipo zitumike ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji matupu. Sponji au kitambaa laini huchovywa katika sabuni, kikapitishwa juu ya sehemu moja ya gari kwa mstari ulionyooka, kisha kikasuuzwa katika ndoo ya pili kabla ya kurudi katika sabuni. Punje nzito za mchanga huzama chini ya ndoo ya pili kwa sekunde chache, na hazirudi garini. Kazi huanzia paa na kuishia sehemu za chini ya milango, ambazo huwa na matope mengi. Kitambaa kikianguka chini kisitumike tena hadi kifuliwe.

Sabuni ya unga ya kufulia ina alikali, mara nyingi kaboneti ya sodiamu. Haiondoi rangi kwa siku moja, lakini huondoa nta yote, na chembe zake zisipoyeyuka vizuri hukwaruza. Shampuu ya gari, au sabuni laini ya maji iliyozimuliwa, hufaa zaidi. Tofauti yake huonekana upesi kwa karatasi ya litmasi nyekundu: katika maji ya sabuni ya unga hugeuka buluu. Penye shule isiyo na litmasi, maji ya maua mekundu ya rozela hufanya kazi hiyo.

Lami na mafuta ya barabarani hayatoki kwa sabuni, kwa kuwa hayachangamani na maji. Mafuta ya taa kidogo katika kitambaa huyalainisha, lakini mahali hapo paoshwe kwa sabuni mara moja. Thina isiguswe. Magari mengi yamekwisha kupigwa rangi upya gereji, na zile rangi za nitroselulosi zikaukazo kwa kupoteza kiyeyushi tu huyeyuka tena zikutanapo na thina. Rangi za kiwandani, pamoja na zile za gereji zichanganywazo na dawa ya kugandisha, hukauka kwa molekuli zake kuungana kuwa wavu mmoja, na wavu huo hauyeyuki kirahisi. Kwa macho, rangi hizo mbili hazina tofauti.

KUSUGUA NA HESABU YAKE

Dawa ya kusugulia ni unga mgumu sana, wenye punje ndogo mno, uliochanganywa na mafuta au maji. Haizibi mikwaruzo. Huchonga kingo zake hadi uso wote ushuke ukaribie kina cha mkwaruzo, kama seremala anavyoranda ubao wote ili kuondoa kovu moja. Kila msuguo huondoa mikromita moja, mbili au zaidi, kwa kadiri ya ukali wa dawa na nguvu ya mashine.

Tuseme gari lina tabaka angavu la mikromita 45, na kila Krismasi husuguliwa likapoteza 3. Baada ya sikukuu 5 limepoteza 15, theluthi ya kinga yote. Baada ya 15 halina kitu. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti, ambako rangi ni nyembamba na mashine hukandamiza zaidi, chuma huonekana mapema kuliko hapo. Kwa hiyo kusugua kuwe dawa ya nadra, kwa mahali panapohitaji, kwa mkono na kwa dawa laini kwanza. Mikwaruzo ishikayo ukucha unapopitishwa juu yake ni mirefu mno. Afadhali ivumiliwe kuliko kuitoa.

Ziko njia za mkato zinazosifiwa mitaani. Majivu, ambayo jikoni hung'arisha sufuria, yana silika na alikali. Juu ya rangi ni msasa. Dawa ya meno nayo ina unga wa kukwangua, uliopimwa kwa ajili ya jino ambalo ni gumu kuliko rangi. Mafuta ya kupikia ndiyo yenye hila kuliko yote. Hujaza mikwaruzo, na kwa kuwa huipinda nuru karibu sawa na tabaka angavu, nuru hupita bila kutawanyika na mikwaruzo hutoweka machoni. Kufikia mchana wa sikukuu mafuta yameshika vumbi la njia nzima, na atakayelipangusa atasugua kwa uji wa mchanga.

NTA NA JANI LA GIMBI

Baada ya uso kuwa safi na mkavu, hupakwa nta. Nta haipunguzi kitu. Hukaa juu kama ngozi ya akiba, ikapokea kinyesi, utomvu na chumvi kabla ya rangi.

Mfano wake umejaa vihambani. Tone la maji likianguka juu ya jani la gimbi hujikunja likawa duara na kubingirika, likizoa vumbi njiani. Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kuliko zinavyovutwa na nta iliyofunika jani. Jaribio la tatu ni kulinganisha tone juu ya jani hilo, juu ya kioo kilichooshwa kwa sabuni, na juu ya kioo kilichopakwa mshumaa. Juu ya kioo safi tone hutandaa. Juu ya mshumaa husimama. Juu ya jani la gimbi huwa kama lulu. Mwenye gari aweza kutumia kipimo hichohicho: maji yakianza kutandaa juu ya boneti, nta imekwisha.

Nta nayo ina kiwango chake cha joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na paa jeusi juani laweza kufikia joto hilo. Nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mnazi-pori wa kaskazini mashariki ya Brazili, huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, ndiyo maana hupendwa na watengenezaji wa polishi. Siku hizi ziko pia dawa za jamii ya silika zidumuzo zaidi. Baadhi yake hutangazwa kwa alama ya 9H, na wanunuzi hudhani ni ngazi ya 9 ya Mohs. Alama hiyo hutokana na kipimo cha kukwaruza kwa penseli za ugumu mbalimbali, kisichohusiana na almasi wala yakuti. Kwatzi ya Upare itaikwaruza dawa hiyo pia.

Mahali ambapo jiwe limebandua rangi hadi kwenye chuma, nta haitoshi. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua nyingi, hasa Aprili na Mei, na chuma kilicho wazi hushika kutu ambayo hutambaa chini ya rangi iliyo nzima. Tone la rangi ya akiba, likipakwa kwa brashi nyembamba mwezi Desemba, huokoa mlango mzima mwezi Mei.

MAJI MACHAFU YAENDA WAPI

Bomba litoalo lita 15 kwa dakika, likiachwa wazi kwa dakika 20, humwaga lita 300. Keni na ndoo mbili zaweza kumaliza kazi ileile kwa lita 60 au 80. Maji hayo yakitoka garini yamebeba sabuni, mafuta, lami na vumbi la breki.

Kilimanjaro kuna mamia ya mifongo, yaani mifereji ya asili iliyochimbwa na Wachaga kwa vizazi vingi, ipitishayo maji ya mlimani kutoka kihamba hadi kihamba. Gari likioshwewa kando ya mfongo, uchafu wake hunywewa na ng'ombe wa jirani wa chini. Mto Rau hushuka hadi mashamba ya mpunga ya tambarare ya Moshi, na maji ya mteremko wa kusini huishia katika bonde la Pangani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au ziwezazo kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Gari lioshewe juu ya majani au changarawe mbali na mfereji, ambako udongo utachuja sehemu ya uchafu huo.

Vijana wengi wa mjini Moshi hupata riziki kwa ndoo na kitambaa. Ndoo ya pili, kusuuza kwanza, na mkono uendao kwa mstari ulionyooka haviwagharimu fedha nyingi, nao wakivijua watarudishiwa gari lilelile mwaka ujao bila utando wa buibui juu ya boneti. Mwenye gari naye afikapo asubuhi ya sikukuu na kukuta vumbi jipya limetulia usiku, akumbuke karatasi ya daftari. Kama hakuna maji karibu, vumbi hilo na libaki. Shangazi atalisamehe gari lenye vumbi. Mkwaruzo utabaki hata wageni watakapokuwa wamerudi mjini.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini magari meupe huonekana hayana mikwaruzo mingi kuliko meusi?

2. Tabaka angavu la mikromita 48 hupoteza mikromita 4 kila lisuguliwapo. Litapoteza robo ya unene wake baada ya misuguo mingapi?

3. Taja majani matatu ya kihambani yanayofukuza maji. Majani hayo hupata faida gani kwa kuwa na nta?

4. Chora njia ya maji kutoka mahali gari linapooshewa shuleni au nyumbani hadi mto ulio karibu. Ni nani wayatumiao maji hayo njiani?